SOMO LA ROBO HII: TUMKUMBUKEJE ASKARI KIJANA, CHANCY CHITETE?



Katika parokia nyingi wapo vijana waliojiunga na jeshi. Tunawaona wanapokuja likizo, wamekaa mabenchi ya nyuma, wamenyoa vizuri, na mama zao wanatembea kwa furaha siku hiyo. Halafu siku moja simu inapigwa. Jeneza linafika limefunikwa bendera, risasi za heshima zinapigwa hewani, viongozi wanatoa hotuba, na daftari la rambirambi linajaa majina. Baada ya arobaini kila mtu anarudi shambani kwake. Mwaka wa pili ukimwuliza mwanakamati watoto wa marehemu wanasoma wapi, anakuna kichwa.

Somo hili limeandaliwa ili litusaidie kutazama upya desturi yetu hiyo. Tutamtumia askari mmoja ambaye habari zake zinajulikana, Praiveti Chancy Chitete wa Malawi, aliyefariki dunia nchini Kongo mwezi Novemba 2018. Tunaomba lisomwe katika vikao vya kamati na katika jumuiya ndogo ndogo, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe bila haraka.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, wanakamati waweze:
1. Kueleza alichofanya Praiveti Chitete na mazingira aliyokuwamo.
2. Kutofautisha kati ya kumsifu marehemu na kumkumbuka kwa matendo.
3. Kupanga jambo moja au mawili ambayo parokia itayatekeleza ndani ya mwaka.

1. MAHALI ALIPOFIA

Wilaya ya Beni iko mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika jimbo la Kivu Kaskazini, si mbali na mpaka wa Uganda. Ni nchi ya rutuba, yenye misitu na mashamba ya kakao na kahawa. Watu wake wengi wanazungumza Kiswahili kama sisi.

Mwaka 2018 watu wa Beni walikuwa na misiba miwili kwa wakati mmoja. Msiba wa kwanza ulikuwa kundi la waasi liitwalo ADF, lenye asili yake Uganda, ambalo tangu mwaka 2014 lilikuwa likivamia vijiji usiku na kuua raia kwa mapanga na bunduki. Mkulima alikuwa akiogopa kwenda shambani kwake mwenyewe. Msiba wa pili ulikuwa ugonjwa wa Ebola, ambao serikali ya Kongo iliutangaza tarehe 1 Agosti 2018. Mpaka ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016.

Wale wanaofanya kazi za maendeleo wataelewa haraka jinsi misiba hii miwili ilivyoshikana. Ili kuzuia Ebola ni lazima wahudumu wa afya wafike kijijini, wawatambue wote waliomgusa mgonjwa, wawafuatilie kwa siku 21, wawachanje, na wawazike waliofariki kwa njia salama. Pakishambuliwa, kazi hiyo husimama. Wahudumu wakirudi baada ya siku kadhaa, waliokuwa wakifuatiliwa wamekwisha kutawanyika. Kwa hiyo kila shambulio la waasi liliua mara mbili: mara ya kwanza kwa silaha, na mara ya pili kwa ugonjwa uliopata nafasi ya kuenea.

Katika eneo hilo kulikuwa na askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa. Miongoni mwao ilikuwamo brigedi maalumu iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la mwezi Machi 2013, ikiwa na askari kutoka Tanzania, Malawi na Afrika Kusini. Sisi Watanzania tunalijua eneo hilo kwa uchungu. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa, na vijana wetu wasiopungua 14 wakauawa kwa usiku mmoja. Parokia kadhaa nchini zilipokea majeneza mwezi ule.

2. ALICHOKIFANYA

Katikati ya mwezi Novemba 2018, mwaka mmoja tu baada ya Semuliki, askari wa Umoja wa Mataifa pamoja na jeshi la Kongo waliingia katika ngome za ADF eneo la Kididiwe. Mapambano yalikuwa makali. Askari wa Umoja wa Mataifa wasiopungua saba waliuawa, wengi wao wa Malawi, na mmoja wa Tanzania. Wengine walijeruhiwa.

Praiveti Chitete alikuwa katika kikosi cha Malawi. Cheo cha praiveti, kama mjuavyo, ndicho cha chini kabisa jeshini. Hakuwa na nyota begani, wala hakuwa mpangaji wa vita ile. Yeye na wenzake walikuwa wakiwalinda askari wa Tanzania waliokuwa wakirudi nyuma huku wakishambuliwa kwa risasi nyingi. Hapo akamwona koplo mmoja wa Tanzania amejeruhiwa vibaya. Koplo yule hakuweza kusogea, na alikuwa mahali pa wazi ambapo adui alimwona.

Chitete alimwendea. Akamburuta mpaka mahali palipokuwa na usalama zaidi, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi. Chitete alifariki dunia kutokana na majeraha yake. Koplo wa Tanzania alipona.

Ndugu msomaji, hebu tusimame kidogo hapa. Katika hotuba nyingi za mazishi ya askari tunasikia kwamba marehemu “alipigana kishujaa”. Maneno hayo ni mema, lakini hayatuelezi mengi. Hapa tunajua hasa alichokuwa akikifanya kijana huyu katika dakika zake za mwisho: alikuwa akimhudumia majeruhi.

Na majeruhi huyo alikuwa mtu wa nchi nyingine. Malawi na Tanzania ni majirani, na watu wa Kyela na Karonga wanavuka mto Songwe kwenda sokoni na kwenda misibani. Hata hivyo, serikali zetu mbili zina mgogoro wa muda mrefu juu ya mpaka katika ziwa lile ambalo sisi tunaliita Nyasa na wenzetu wanaliita Malawi. Mwaka 2012 mgogoro huo uliibuka tena kwa maneno makali. Miaka sita baadaye, kijana wa Malawi alimvuta Mtanzania kutoka mbele ya risasi. Pale Kididiwe hapakuwa na nafasi ya kuulizana ziwa ni la nani.

3. NISHANI ALIYOPEWA

Mwezi Mei 2019, katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York, Praiveti Chitete alitunukiwa nishani ya ushujaa wa kipekee yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne. Nishani ilipokewa na mjane wake.

Ni vema kujua jina hilo lilitoka wapi. Mbaye Diagne alikuwa ofisa wa jeshi la Senegal aliyetumwa Rwanda kama mwangalizi wa Umoja wa Mataifa. Mauaji ya kimbari yalipoanza mwezi Aprili 1994, alianza kuwaokoa watu kwa gari lake, wachache wachache, akipita kwenye vizuizi vya wauaji bila silaha. Aliwaokoa mamia. Tarehe 31 Mei 1994 aliuawa na kipande cha kombora mjini Kigali, zikiwa zimebaki siku chache tu arudi nyumbani. Nishani yenye jina lake ilianzishwa na Baraza la Usalama mwaka 2014, na ya kwanza ilikabidhiwa familia yake mwaka 2016. Baada yake, aliyefuata kuipata ni Chitete: kapteni kwanza, kisha praiveti.

Kila tarehe 29 Mei dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Walinda Amani. Tangu mwaka 1948, walinda amani zaidi ya 4,000 wamefariki wakiwa kazini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wengi wao hawakupata nishani ya kipekee, na majina yao yanajulikana tu na wazazi wao, wajane wao, na padri au mchungaji aliyewazika.

4. JE, ALIKUFA BURE?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na wazazi. Haifai kulikwepa, kwa sababu wanakamati mtakutana nalo katika nyumba za wafiwa.

Ukweli ni kwamba vita vya Beni havikuisha mwaka 2018. Mauaji ya raia yaliendelea. Mwishoni mwa mwaka 2019, na tena mwezi Julai 2022, wananchi wenyewe wa mashariki ya Kongo waliandamana kuwapinga askari wa Umoja wa Mataifa, wakisema hawawalindi. Mwezi Julai 2025 ADF walivamia waumini waliokuwa wakisali usiku kanisani huko Komanda, katika jimbo jirani la Ituri, wakaua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo mzazi akiuliza, “Mwanangu alikwenda kule, kumebadilika nini?” tusimjibu kwa hotuba.

Tunaweza kumjibu kwa mambo tunayoyajua. Koplo yule alipona. Mtu mmoja hakuzikwa, na mama mmoja wa Tanzania hakupokea jeneza, kwa sababu mwana wa mama mwingine wa Malawi aliinama pale alipoinama. Pia ugonjwa wa Ebola ulidhibitiwa mwaka 2020, na kazi hiyo ilifanywa na wauguzi, wachanjaji na wazikaji wa Kikongo waliohitaji njia salama ya kufika vijijini. Hatuwezi kupima ni sehemu gani ya ushindi huo ilitokana na jasho la askari fulani. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba haikuwapo.

Sehemu ya jibu iliyobaki imo mikononi mwetu, kwa kuwa tendo jema lililoachwa njiani linaweza kupotea wasipopatikana wa kulipokea.

5. MSAMARIA NA MWENYE NYUMBA YA WAGENI

Someni Luka 10:25-37. Habari hii tunaijua tangu utotoni, na kila tunapoihubiri tunamtazama Msamaria. Leo tunaomba mmtazame mtu mwingine aliyemo, ambaye hatajwi sana: mwenye nyumba ya wageni.

Msamaria alikuwa msafiri. Alisimama, akafunga majeraha, akambeba yule mtu mpaka nyumba ya wageni, akalala naye usiku mmoja, na kesho yake akaondoka. Alitoa dinari mbili na kumwachia mwenye nyumba mgonjwa. Kuanzia hapo Injili haielezi zaidi. Lakini kila aliyewahi kuuguza anajua kilichofuata: kubadilisha vitambaa, kuchemsha maji, kumlisha uji, kuamka usiku anapolia, na kuhesabu kama zile dinari zitatosha. Kazi ya Msamaria ilikuwa ya siku moja, na ya mwenye nyumba ilikuwa ya majuma. Kama mwenye nyumba angemtoa mgonjwa nje mara Msamaria alipopotea njiani, huruma yote ya barabarani isingefaa kitu.

Chitete alifanya sehemu ya Msamaria. Yeye hakuweza kuendelea. Wapo wengine walioipokea kazi, wakamfikisha koplo kwenye matibabu mpaka akapona. Na huko Malawi wapo waliobaki na mjane.

Basi fundisho la robo hii ni hili: parokia ndiyo nyumba ya wageni. Askari anayekufa kazini anaacha watu mlangoni petu. Anaacha mjane, wazazi wazee, watoto, na wenzake waliojeruhiwa wakarudi na mguu mmoja au na usingizi uliovurugika. Kumkumbuka ni kuwapokea hao na kukaa nao baada ya siku ya kwanza.

6. MAMBO MANNE YA KUFANYA PAROKIANI

(a) Andikeni majina. Kamati iwe na daftari la askari wote wa parokia waliofariki wakiwa kazini, tangu vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 mpaka leo. Liandikwe jina, mwaka, mahali alipofia, mahali alipozikwa, na ndugu aliye hai. Waulizeni wazee sasa, kwa sababu wazazi wa vijana wa Kagera wengi wamekwisha kutangulia. Majina hayo yasomwe katika ibada mara moja kwa mwaka. Tarehe 25 Julai, ambayo ni Siku ya Mashujaa nchini kwetu, inafaa sana.

(b) Simameni na mjane katika mirathi. Hapa ndipo familia nyingi huumia. Askari anapofariki, kuna malipo ya jeshi, na kama alikuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa kuna fidia ambayo hulipwa kupitia serikali yake. Fedha zikisikika tu, ndugu wanaongezeka. Kamati isiwe mgawaji wa mali, bali iwe shahidi na msindikizaji: kuhakikisha cheti cha kifo na cheti cha ndoa vinapatikana, kikao cha ukoo kinaandikwa muhtasari na mjane anahudhuria, msimamizi wa mirathi anathibitishwa mahakamani, na mjane hasaini karatasi asiyoisoma. Mkiona mabishano, mpelekeni kwa wasaidizi wa kisheria mapema, kabla fedha hazijaliwa. Aidha, wahimizeni vijana walio jeshini sasa kuandika wosia, na wale waliojiunga kabla ya kuoa wakumbuke kuhuisha kumbukumbu zao kazini, ili jina la mke na watoto liwemo.

(c) Watembeleeni waliorudi hai. Aliyefariki tunampigia saluti, lakini aliyerudi na jeraha tunamsahau upesi. Wengine majeraha yao hayaonekani: hawalali, wanashtuka mlango ukigongwa, wanakunywa pombe kupita kiasi, wanakaa peke yao. Msiwaite walevi tu na kupita. Kaeni nao, wasikilizeni bila kuwadadisi habari za vita, na mwasindikize hospitali kwenye huduma ya afya ya akili. Mke wa askari kama huyo naye anahitaji mtu wa kumsikiliza.

(d) Fundisheni huduma ya kwanza. Chitete alifariki akitoa huduma ya kwanza, na hatudhani kuna kumbukumbu inayomfaa zaidi ya hii. Barabara zetu zinaua na kulemaza vijana wengi, hasa wa bodaboda, na mara nyingi majeruhi anazungukwa na watu hamsini wasiojua la kufanya. Mwombeni mganga au muuguzi wa zahanati iliyo karibu afundishe kwa nusu siku. Mambo ya msingi si mengi. Kwanza, hakikisha wewe mwenyewe uko salama kabla ya kumsogelea majeruhi. Jeraha linalovuja damu nyingi ligandamize kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia achia, ukivaa glovu au hata mfuko wa plastiki mkononi. Kitu kilichochoma mwilini usikichomoe. Majeruhi mahututi usimpe chakula wala kinywaji. Ukidhani ameumia shingo au mgongo, usimwinue ovyo na kumkunja kwenye pikipiki, isipokuwa kama kumwacha pale ni hatari zaidi. Pangeni pia ni gari la nani litaitwa usiku, na namba yake ibandikwe mahali panapoonekana.

7. NENO KWA WAFADHILI WETU

Tunawashukuru kwa dinari zenu mbili. Tunajua kwamba ni rahisi zaidi kuchangia kitu kinachoonekana, kama mnara wenye jina, na tusingependa kudharau minara. Lakini tunawaomba mkubali pia gharama zisizopigwa picha: nauli ya mjane kwenda mahakamani mara nne, ada ya mtoto wa kidato cha pili wakati watu wamekwisha kusahau baba yake alikuwa nani, mshahara wa mshauri anayekaa na askari asiyelala. Msamaria alipoondoka aliahidi kulipa kitakachozidi. Aliijua kazi ya kuuguza kwamba haimaliziki kwa bajeti ya siku ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika parokia yetu, ni askari gani waliofariki wakiwa kazini? Nani kati yetu anajua walipo wajane, watoto na wazazi wao leo?
2. Kwa nini Injili haimtaji mwenye nyumba ya wageni kwa jina? Je, tuko tayari kufanya kazi ambayo haitatajwa?
3. Mzazi akituuliza kama mwanawe alikufa bure, tutamjibu nini bila kumdanganya?
4. Je, yupo jirani ambaye tumeacha kumsaidia kwa sababu ya mgogoro wa mpaka, wa shamba, wa kabila au wa dini?
5. Kati ya mambo manne ya kufanya, tutaanza na lipi, nani atalisimamia, na tutalitolea taarifa lini?

HITIMISHO

Kamati itakayotekeleza hata jambo moja tunaomba ituandikie, pamoja na magumu iliyokutana nayo, ili wengine wajifunze. Na kwenye ibada ya jumapili ijayo, mnapowaombea marehemu, litajeni pia jina la Chancy Chitete wa Malawi. Hakuwa wa parokia yetu wala wa taifa letu, lakini yule aliyemwokoa ni ndugu yetu.

Mungu awape faraja wote wanaosubiri sauti ambayo haitarudi tena mlangoni, na atupe sisi moyo wa kuwafungulia.